Nyumba Niliyoulizwa Ngamiani

Mkwe wangu ni mtu wa Nakuru, ingawa yeye na binti yangu wanaishi Mombasa. Mwezi wa Disemba mwaka 2022 walikuwa wakienda Dar es Salaam kwa gari lao pamoja na wajukuu wangu wawili, nao wakaamua wapite kwangu Ngamiani wale chakula cha mchana na kunyoosha miguu. Siku hizi safari hiyo si ndefu. Ukishavuka kivuko cha Likoni unafuata pwani hadi Lunga Lunga, unagonga mihuri mpakani Horohoro, kisha unabakiwa na kilomita 65 za lami hadi Tanga mjini. Walifika saa saba wakakuta wali wa nazi na samaki wa kupaka vimekwisha kuiva, na machungwa ya Muheza yako kwenye sinia.

Baada ya kula nilidhani mgeni ataomba mkeka ajinyooshe kidogo. Badala yake alikaa vizuri kitini, akasema kwa adabu: "Baba, kabla hatujaondoka ningeomba unioneshe nyumba ya akina Kinyonga."

Nikamuuliza, Kinyonga gani?

Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. "Wa Simba Wanyika, Baba. Si walitoka hapa hapa Tanga? Mzee wangu alikuwa na sahani zao zote. Kwetu sisi harusi haiishi mpaka wapigwe Wanyika."

Ndugu msomaji, mimi nimefundisha Historia na Kiswahili kwa muda wa miaka 37, na miaka 24 ya mwisho nilikuwa Mwalimu Mkuu. Wageni wakija Tanga mimi ndiye ninayeitwa kuwaeleza mambo. Nikiombwa habari za vita vya mwezi wa Novemba 1914, naweza kuonesha walikoteremkia askari wa Jenerali Aitken kutoka Bara Hindi, na jinsi von Lettow-Vorbeck alivyowarudisha merikebuni akiwa na watu wachache mno kuliko wao, na habari ya nyuki waliowavamia wapiganaji porini. Nikiombwa habari za reli, nitasema ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Lakini siku ile, katika nyumba yangu mwenyewe, mgeni kutoka Nakuru aliniuliza juu ya watu waliokuwa vijana wa mji huu wakati nami ni kijana, nikabaki nashika kidevu.

"Twende tukatembee," nikamwambia. Sikuwa na jibu jingine.

Hebu nieleze kwanza ni kina nani hao, maana vijana wetu wa leo wanaweza kuzijua nyimbo bila kuwajua wenyewe. Wilson Peter Kinyonga na ndugu zake William na George walikuwa wapiga magitaa na waimbaji wa Tanga. Mnamo mwaka 1966 waliingia katika Jamhuri Jazz Band, moja ya bendi kubwa za mji huu. Mwaka 1970 walikwenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako bendi yao ilipata jina la Simba Wanyika, yaani simba wa mbugani. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwamo mpiga gitaa Omar Shabani, na hao ndio waliotoa "Sina Makosa" pamoja na sauti za akina Issa Juma na John Ngereza. Baadaye Issa Juma naye akawa na Wanyika wake. Hivyo jina moja lilizaa majina mengi, kama ukoo. George alifariki Disemba 1992 na Wilson mwaka 1995, na hapo Simba Wanyika yenyewe ikawa imekwisha.

Sasa, kwa nini Tanga? Swali hili mkwe wangu aliniuliza tukiwa tunavuka barabara moja kwenda nyingine. Mgeni wa Ngamiani hutambua mara moja kwamba mitaa yetu imepigwa mistari kama daftari la hesabu, na barabara zimepewa namba badala ya majina. Jina lenyewe Ngamiani lasema ni pahali pa ngamia, ingawa mimi ngamia nilimwona kwa mara ya kwanza kitabuni. Hapa nilikuwa na cha kumjibu, kwa sababu jibu linaanza na mkonge, na mkonge niliufundisha.

Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza vipando 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka Pangani hadi Korogwe na kuendelea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Mkonge unachoma na unachosha, na wenyeji wa pwani hawakuupenda. Kwa hiyo wenye mashamba walileta watu kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Warundi na wengine wengi. Walisafirishwa kwa mkataba, kila mtu na namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. (Nimewahi kuwaza kwamba mji uliozungukwa na watu wenye namba ulifaa kuwa na barabara zenye namba, lakini hilo ni wazo la mzee asiye na kazi.)

Watu hao walikuwa na jambo ambalo mkulima wa kijijini hakuwa nalo: mshahara wa mwisho wa mwezi na Jumamosi ya kuutumia. Walikuja Ngamiani. Pwani tayari ilikuwa na mazoea ya vyama vya ngoma vilivyoshindana. Tangu zama za ukoloni wa mwanzo palikuwa na beni, Marini kwa upande mmoja na Arinoti kwa upande mwingine, kila chama na wafuasi wake na kiburi chake. Mazoea hayo yalihamia kwenye dansi yalipokuja magitaa na saksafoni. Jamhuri Jazz yenyewe haikuanza kwa jina hilo. Katika miaka ya 1950 iliitwa Young Nyamwezi. Jina hilo peke yake lina somo zima la historia ya mji huu: vijana wa Unyamwezi, waliofika pwani kwa sababu ya mkonge, wanapiga dansi kwa Kiswahili katika mtaa wa Waswahili, na nchi ilipojitawala bendi ikavua jina la kabila, ikajiita Jamhuri. Mpinzani wao alikuwa Atomic Jazz. Watu wa Tanga waligawanyika kwa bendi hizo kama walivyogawanyika, na wanavyogawanyika bado, kwa Coastal Union na African Sports.

Wala haikuwa dansi peke yake. Katika miji ya pwani taarabu ilikuwa imezoea fidla nyingi na mtindo wa Misri. Vilabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vikachukua gitaa la umeme, besi na bongo, vikaifanya taarabu iwe nyepesi na ya kuchezeka, na mbele vikasimamisha sauti za wanawake. Bi Shakila, aliyezaliwa Pangani kusini mwa hapa mwaka 1947 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2016, alianza kujulikana katika Black Star. Mtindo huo ulifuatwa Mombasa, ukafuatwa Dar es Salaam. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilitoa santuri ya vilabu hivyo viwili na kuiita "Nyota", nami nilisikia habari zake kwa Mzungu aliyekuja kuuliza njia.

Hayo yote nilimweleza mkwe wangu tukitembea, na kwa kweli nilikuwa najisikia vizuri. Ndipo akasimama kivulini akauliza tena, taratibu: "Na nyumba, Baba?"

Tulikuwa tumekwisha kupita barabara nyingi. Hatukuona kibao chochote. Tuliona maduka ya simu, bajaji zilizopangwa, baiskeli zilizoegemezwa ukutani kama ilivyo desturi ya mji wetu, na nyumba nyingi za zamani zilizobomolewa na kuinuliwa kuwa ghorofa. Nikaona wazee wanacheza bao barazani. Mmoja wao, fundi cherehani mstaafu ambaye umri wake umepita wangu kwa zaidi ya miaka kumi, tunafahamiana tangu nikiwa mwanafunzi. Nikamwamkia, mkwe wangu naye akamwamkia, akaitika marahaba bila kuacha kete zake. Nikamweleza shida ya mgeni.

Aliniangalia kwa muda. Kisha akamgeukia mkwe wangu. "Mwanangu, mwenye elimu ndiye huyu uliyekuja naye. Sisi tulikuwa tunacheza dansi tu. Alipewa kazi ya kukumbuka ni yeye."

Wenzake wakacheka. Hakusema kwa ubaya. Alikuja kuacha bao lake, akatuonesha pahali palipokuwa na ukumbi aliokuwa akienda yeye, sasa ni ghala la saruji. Akasimulia jinsi watu wa mashambani walivyofika jioni na viatu mkononi ili visiingie vumbi, wakavivaa mlangoni. Akasimulia kwamba yeye ndiye aliyewashonea suruali vijana wengi wa bendi, za miguu mipana, na kwamba baadhi yao waliondoka mjini na deni lake. "Wakaenda Kenya wakawa matajiri," alisema, "na mimi nasubiri." Mkwe wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka, akatoa daftari dogo mfukoni akaanza kuandika. Mimi sikuwa na daftari.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu, kwa sababu bila hilo makala hii itakuwa ya kujisifu.

Sikuwa mgeni wa muziki ule. Mwaka 1967 na 1968, nikiwa mwanafunzi, mimi na wenzangu tulikuwa tukisimama nje ya ukuta usiku kwa kukosa kiingilio, tukawasikiliza Jamhuri mpaka miguu inakufa ganzi. Nilizijua nyimbo zao kwa moyo. Lakini nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa mtu mwingine. Tulifundishwa kwamba mwalimu ni kioo cha jamii, na kioo hakiendi dansini. Nikarudi Tanga kufundisha mwaka 1972, wakati akina Kinyonga wameshaondoka, na muziki ukawa kwangu ni jambo la wahuni na wanywaji.

Pamoja na hayo nilikuwa nawasikia. Ndugu msomaji atakumbuka kwamba Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Watu wa Tanga tuna ndugu Vanga, tuna ndugu Mombasa. Ilikuwa kama kukatwa mkono. Lakini hewa haikufungwa. Usiku nilifungua redio polepole, nikazungusha kisu mpaka nikaipata Sauti ya Kenya, na katika mlio ule wa kukwaruza nilisikia Kiswahili kilichoondoka Tanga kikinirudia kutoka Nairobi. Hata sahani zao zilitengenezwa huko, kwa maana Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nilisikiliza peke yangu, sauti chini, ili majirani wasinisikie. Mwalimu!

Mwaka 1991, nikiwa Mwalimu Mkuu, niliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya nyumbani ambayo nilijivunia sana. Kila mtoto amhoji mzee wa familia yake, aandike historia ya mtaa wetu. Wengi waliandika habari za TANU, za mkonge, za njaa na za Mjerumani. Msichana mmoja aliandika habari za babu yake, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akajifunza gitaa kambini kwa kuunda moja la debe, kisha akapiga katika bendi hapa Ngamiani kabla ya uhuru. Aliandika kurasa nne. Alitaja majina ya wenzake aliopiga nao, barabara walizoishi, nani alinunua magitaa ya kwanza ya bendi na kwa shilingi ngapi, nani alipigana na nani. Mwandiko mzuri, mstari kwa mstari.

Nilimpa alama 4 kati ya 20. Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: "Andika mambo ya maana. Hii si historia."

Nikiwaza hilo sasa, linaloniuma zaidi ni kwamba mwaka huohuo, katika kipindi cha Kiswahili, nilikuwa nikiwasomea watoto hao hao sehemu za kitabu cha Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad. Shaaban Robert ni wetu, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki hapa Tanga mwaka 1962. Mtu huyo, mshairi mkubwa kuliko wote tulionao, aliona inafaa kukaa chini na kuandika maisha ya mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu kwa miguu hadi mjini Unguja, akaja kuwa mwimbaji, akaenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Niliwaeleza watoto kwa nini kitabu hicho ni cha thamani. Niliwaambia kwamba bila Shaaban Robert tungebaki na jina na sahani chache. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mbele ya msichana yule, na madaftari ya kazi ya mtaa yako juu ya meza yangu.

Tulirudi nyumbani saa kumi. Binti yangu alikuwa ameshapakia mizigo, wajukuu wamelala garini. Walitaka kufika Segera kabla giza halijaingia. Kabla ya kuwasha gari mkwe wangu alinionesha simu yake, akabonyeza, na kwenye vipaza sauti vya gari ukatoka wimbo wa "Pepea", ambao Simba Wanyika waliurekodi Uholanzi mwaka 1992. Majirani wawili walisimama kusikiliza, na safari hii sikupunguza sauti.

"Baba," alisema, "usijali habari ya nyumba. Nimeona mtaa." Lakini niliona kwamba alikuwa ametamani kupiga picha mbele ya mlango fulani, ampelekee mzee wake Nakuru.

Jioni ile nilianza kumtafuta mwanafunzi wangu. Ilichukua wiki tatu, maana mabinti hubadili majina wakiolewa. Hatimaye mwalimu mwenzangu mmoja akanipa namba ya simu. Kumbe anaishi Muheza, ana duka la vitambaa. Alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja, akaniamkia, tukaulizana hali. Nikamweleza ninachotaka. Kukawa kimya kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Nne kwa ishirini, mwalimu," akasema.

Nikamwambia nakumbuka. Nikamwomba radhi, na nadhani alishtuka kuliko mimi, kwa sababu alianza kunifariji kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimeonewa. Daftari, alisema, halipo. Lilitumika kufungia vitumbua, kama madaftari yote. Babu yake alifariki miaka miwili baada ya kazi ile, na gitaa liliuzwa ili kulipia gharama za matanga. Yeye mwenyewe anayakumbuka majina matatu tu kati ya yale aliyoandika, na la tatu hana hakika nalo.

Lakini kuna picha, alisema. Iko Tabora, kwa shangazi yake mkubwa: wanaume sita wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, mmoja ameshika saksafoni, na nyuma ya picha babu aliandika kwa kalamu majina yote na namba ya barabara. Atamwomba shangazi aipige kwa simu, pande zote mbili, kama ataipata, kwa kuwa yule bibi ana masanduku mengi na macho hayaoni vizuri.

Nimenunua daftari kubwa la kurasa 200. Fundi cherehani nakwenda kumwona kila Jumatano baada ya swala ya alasiri. Tumefika kurasa kumi na tatu, na bado tuko kwenye suruali na nani hajalipa. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi kwa ajili ya picha ya Tabora. Binti yule alinipigia juzi kusema kwamba shangazi amefungua sanduku la pili.